Mfupa wa Paja

Mabasi ya watalii yanayotoka mji wa Oaxaca, kusini mwa Meksiko, kwenda kwenye magofu ya Mitla huwa hayana habari na Lambityeco. Yanaipita tu. Iko kandokando ya barabara kuu, karibu na mji wa soko wa Tlacolula, na ukiichungulia dirishani unaona vilima vya udongo, nyasi kavu na paa la kuzuia mvua. Hakuna piramidi ya kupigia picha. Mimi nilifika kwa sababu ya kahawa: kulikuwa na mkutano wa wakulima wadogo, Oaxaca nao wanalima kahawa milimani kama sisi Uchagani, na mwenyeji wangu aliponisikia nikisimulia habari za nyumbani akasema kuna mzee mmoja lazima nikamwone.

Mzee mwenyewe ni wa chokaa. Yuko chini ya lile paa, ndani ya mabaki ya nyumba ya wakubwa wa Kizapoteki, wenyeji wa bonde hili, iliyokaliwa miaka kama 1,300 iliyopita. Chini ya ua wa nyumba hiyo kuna kaburi. Wenye nyumba walizika watu wao humo, wakaendelea kupika, kulala, kugombana na kupokea wageni juu yao. Akifa mwingine, kaburi linafunguliwa, mifupa ya waliotangulia inasogezwa pembeni, mgeni analazwa, mlango unafungwa. Nyumba ilijengwa upya mara kadhaa, kila mara juu ya ile ya zamani, na kaburi likabaki palepale.

Wachimbaji walilipa kaburi hilo namba 6. Juu ya mlango wake kuna vichwa viwili vilivyofinyangwa kwa chokaa, cha mume na cha mke, ukubwa unaokaribia wa mtu halisi. Mume ana ndevu chache kidevuni, nywele zimefungwa fundo, na mikunjo ya uso imechorwa bila huruma. Mke amesukwa nywele kwa utepe, naye mashavu yameingia kiutu uzima. Majina yao yapo: mume ni 1 Tetemeko, mkewe ni 10 Tete. Wazapoteki walikuwa na kalenda ya siku 260, ishara 20 zikizunguka na namba 1 hadi 13, na mtu aliitwa kwa siku yake ya kuzaliwa. Aliyewafinyanga hakutaka kuwafanya miungu. Ni wazee wa mtu. Yule mama ukimtazama vizuri unaona kabisa kwamba ukiingia kwake atakuuliza kwanza kama umekula.

Ndani ya ua huohuo, kwenye kuta fupi za madhabahu, wapo wazee wengine wa chokaa, mume na mke, mume na mke. Wanaume wamenyoosha mkono, na mkononi wameshika mfupa. Ni mfupa wa paja la binadamu, wameushika kama bakora.

Mwanaakiolojia John Paddock na wenzake walipochimba hapa miaka ya 1960, walikuta kaburini mifupa ya watu kadhaa. Ilipohesabiwa, ya paja haikutimia. Mafuvu yapo, mbavu zipo, mapaja mengine hayapo. Wataalamu wengi wameunganisha mambo hayo mawili wakasema: mrithi alikuwa akifungua kaburi anachukua paja la mzazi wake na kukaa nalo. Ndiyo ilikuwa hati yake. Anayeuliza kwa nini unakaa hapa, kwa nini unaamua hapa, anaonyeshwa mfupa.

Mwenyeji wangu alisubiri, akatoka nje, akarudi. Sikuweza kumweleza papo hapo kwamba mimi mfupa wa paja wa mzazi wangu nimeushika.

Baba alizikwa mgombani, Uchagani, kwenye kihamba, shamba la ukoo, alichopewa na babu, nikiwa bado sekondari. Hilo halikuwa jambo la kujadiliwa. Mtu anazikwa kwake. Kaburi lilijengewa saruji, likawa linapakwa chokaa kila Desemba tunapopanda nyumbani kwa sikukuu, na miezi mingine yote kuku waliota jua juu yake na shangazi akaanika maharage. Wageni wa mjini walishtuka. Sisi tuliona sawa tu. Ukifika unapita pale kwanza, unasema shikamoo, ndipo unaingia ndani. Wazee wa zamani zaidi, kabla ya makanisa, walikwenda mbali kuliko hapo: mtu mzima alizikwa ndani ya nyumba yake, na baadaye mifupa ikafukuliwa na kupelekwa mgombani, ikawekwa kwenye masale. Ndiyo masale yaleyale tunayopanda mpakani na tunayobeba kuombea msamaha. Kwa hiyo habari ya Lambityeco haikunijia kama kioja cha watu wa mbali.

Kisha barabara ikapanuliwa. Wapimaji walipita na vigingi, na siku moja jirani akanipigia simu kwamba kaburi la baba limewekwa X nyekundu, alama ya kuondolewa. Nimeishi Dar es Salaam. X nimeziona kwenye kuta za nyumba, kwenye vibanda vya mama ntilie, kwenye uzio. Kwenye kaburi nilikuwa sijaiona. Niseme wazi kwamba barabara yenyewe tuliitaka na tuliiomba kwa miaka, maana masika gari la wagonjwa lilikuwa linaishia njia panda na mgonjwa anashushwa kwa machela. Na lami sina ugomvi nayo. Ila fomu ya fidia nitaikumbuka: migomba kwa hesabu ya mashina, mibuni, choo, banda la mbuzi, kaburi. Kwa mpangilio huo. Mthamini alikuwa kijana mwenye adabu, akanipa pole kwa mikono miwili, halafu akauliza kaburi ni la kujengea au la udongo, kwa sababu malipo hayalingani.

Siku ya kufukua tulikusanyika alfajiri na ukungu. Alikuwepo bwana afya, mtendaji wa kijiji, mchungaji, vijana wa kuchimba, na sisi. Walivunja saruji kwa nyundo, wakachimba kwa chepe, kisha kwa mikono. Jeneza lilikuwa limekwisha. Zilibaki bawaba, misumari, na vifungo vya koti ambavyo mama alivitambua kwa sababu alivishona yeye. Kijana mwenye glavu alikuwa akipokea mifupa na kuipanga kwenye sanduku dogo jipya lililotandikwa shuka nyeupe, taratibu, kama alivyoelekezwa. Ulipofika mfupa mrefu, baba mdogo alinyoosha mkono. Bwana afya alisita, akatazama pembeni, akamwacha.

Baba mdogo aliusimamisha mfupa ule kando ya paja lake mwenyewe, kuanzia gotini. Ulimpita.

"Alikuwa mrefu huyu," alisema. "Ninyi mmesahau. Alikuwa anainama kuingia jikoni kwa mama."

Nilikuwa nimesahau kweli. Picha zote tulizonazo baba ameketi: kwenye kiti cha mbao siku ya kipaimara cha dada, kwenye benchi la ushirika, kwenye ngazi za nyumba na kikombe mkononi. Miaka yote hiyo nilikuwa nakumbuka mtu aliyeketi. Asubuhi ile alisimama, kwa sababu ya mfupa, na baba mdogo akanipa na mimi nishike. Ulikuwa mkavu, mwepesi kuliko nilivyotegemea, rangi ya udongo wa pale. Nikaupeleka sandukuni mwenyewe.

Tulimzika upya kwenye makaburi ya usharika. Ni mahali pazuri, pana uzio na lango, na jina lake limeandikwa vizuri kuliko zamani. Wote tulirudi kazini wiki hiyohiyo. Na hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba nimefiwa na hakuna msiba. Baba alipofariki mara ya kwanza kulikuwa na turubai, michango, daftari la rambirambi, makande sufuria hata sufuria, watu wamelala uani hadi wiki inakatika. Kaburi lilipohama hakuna aliyekuja kukaa nasi. Nani aje, na aseme nini? Kazini fomu ya ruhusa ya msiba ina mstari unaouliza tarehe ya kifo. Niliutazama mstari ule, nikaomba likizo ya kawaida.

Kitu kingine kilichukua miezi kujitokeza. Upande wa chini wa kihamba, ng'ambo ya barabara mpya, kuna kipande ambacho hakijawahi kuwa na maneno. Ndugu mmoja wa ukoo akaanza kuulizia mpaka wake. Mwanzoni kwa utani, kwenye sherehe. Baadaye kwa barua. Nilimuuliza baba mdogo kwa nini sasa, baada ya miaka yote hii. Alinijibu kama anayemwelekeza mtoto: "Kaburi lilikuwepo." Alikuwa sahihi. Katika vikao vyetu vya ukoo, na hata kwenye baraza la ardhi, mtu husema "babu yangu amelala pale" na maneno hayo yana uzito kuliko karatasi nyingi. Baba alikuwa kazini miaka yote ile. Sisi tulidhani amepumzika.

Ndiyo maana yule mzee wa chokaa alinishika miguu. Tumezoea kusema marehemu apumzike, na tunaposema tunaona tunamfanyia wema. Watu wa Lambityeco hawakuwa na mpango wa kuwapumzisha wazazi wao. Waliwapa kazi ya kushikilia nyumba, na kazi ilipohitaji ushahidi mbele za watu waliwatoa hadharani. Kuna ukali fulani hapo, sikatai; kufungua kaburi la baba yako na kuchukua paja lake si jambo la mtu laini. Lakini ni ukali wa watu waliojua wafu wao wanafanya nini kila siku. Mimi wangu nilijua anafanya nini alipoondolewa.

Pale Lambityeco kulikuwa na mlinzi, mtu mzima aliyevaa kofia ya majani, ambaye alikuwa akizungumza Kizapoteki kwenye simu na nyumbani kwake. Alipomaliza alituuliza kwa Kihispania nimetoka wapi na sisi tunazikaje. Mwenyeji wangu akafasiri, nikamsimulia yote, hadi X nyekundu. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema kwamba wao walitolewa uani zamani sana.

Historia iko upande wake. Wahispania walipofika bonde hili mwaka 1521, mapadri walitaka wafu wazikwe penye kanisa, na makaburi ya ndani ya nyumba yakafika mwisho. Halafu mwaka 1859 ikaja sheria iliyoondoa makaburi mikononi mwa kanisa na kuyaweka chini ya serikali, na serikali iliyoitoa ilikuwa ya Benito Juárez, ambaye mwenyewe ni Mzapoteki, aliyezaliwa milimani kaskazini mwa hapa, kijiji cha Guelatao, mwaka 1806. Kutoka ua wa nyumba hadi uwanja wa kanisa, kutoka kanisa hadi serikalini. Sisi tumehamishwa mara moja na mimi nikasafiri na uchungu wangu hadi bara jingine.

"Lakini Novemba wanarudi," mlinzi alisema.

Alikuwa akizungumzia Siku ya Wafu. Mwanzoni mwa Novemba kila nyumba hapa hutengeneza meza: picha za marehemu, mkate, chokoleti, mezkali, matunda, mishumaa, na maua ya rangi ya chungwa wanayoyaita cempasúchil. Watu huenda makaburini kusafisha na kukesha, lakini wanaotarajiwa hasa kusafiri ni wafu wenyewe, kuja nyumbani. Nilimuuliza wanaijuaje njia, ikiwa makaburi yako mbali. Alishangaa kidogo, kisha akaonyesha kwa kidole barabara kuu, malori yakipita. Akasema wanawamwagia maua, kuanzia kule barabarani hadi mlangoni.

Siku iliyotangulia nilikuwa nimepanda Monte Albán, ambako mabasi yote yanasimama. Ni mahali pakubwa kweli, mlima uliosawazishwa kileleni kwa jasho la watu, na mji ulioanzishwa kama mwaka 500 kabla ya Kristo ukaja kuwa, kwa makadirio mengi, na watu zaidi ya 15,000. Nilitembea uwanja ule mpana, nikaona mawe yaliyochongwa watu uchi waliojipinda, ambayo kwa muda mrefu yaliitwa ya wacheza ngoma hadi wataalamu walipoyaangalia tena macho yaliyofumba na majeraha, na wengi wakakubaliana kwamba ni mateka waliouawa. Mwongozaji mmoja karibu nami aliwaambia watu wake kwamba Wazapoteki walitoweka. Aliliambia kundi hilo katika jimbo ambalo kuna wachuuzi wanaobishana bei kwa Kizapoteki kila Jumapili soko la Tlacolula, katika nchi ambayo wasemaji wa lugha za Kizapoteki ni zaidi ya 400,000. Mji wa Monte Albán uliachwa kuelekea mwaka 800 na kidogo. Watu walishuka mlima. Ila nadhani naelewa neno hilo linakotoka: mgeni akikuta nyumba tupu haoni waliohama, na kusema wamekwisha ni rahisi kuliko kuuliza walikwenda wapi.

Monte Albán nako makaburi yako chini ya nyumba. Mashuhuri kuliko yote ni Kaburi namba 7. Wazapoteki walilijenga, na karne nyingi baadaye, mji ukiwa umeshaachwa, majirani zao Wamixteki walilifungua wakaweka wafu wao humo pamoja na dhahabu, lulu, jade na mifupa iliyochongwa maandishi. Mwanaakiolojia Alfonso Caso alilifungua mwaka 1932. Vitu vyake viko kwenye jumba la makumbusho la Santo Domingo, mjini Oaxaca, na kimoja ni fuvu la mtu lililofunikwa kwa vipande vya feruzi. Nililitazama jioni, watoto wa shule wakigusisha pua zao kwenye kioo. Limetunzwa vizuri mno, na sitaki lirudishwe ardhini. Lakini jina la aliyefukua linajulikana kwa tarehe na mwaka, na la aliyefukuliwa hakuna anayeweza kulitaja. Kesho yake, pale Lambityeco penye nyasi kavu, hakuna dhahabu, ila 1 Tetemeko na 10 Tete wanaitwa kwa majina yao hadi leo kwa kuwa mtu wa nyumba yao aliyaweka mlangoni.

Kwenye kihamba chetu kuna makaburi mengine matatu ambayo barabara haikuyafikia. Hayana saruji, yana masale tu. Baba mdogo anayajua: la bibi mzaa babu, la mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa, na la tatu ambalo hulitaja kwa jina moja la mtu nisiyeweza kumweka mahali pake kwenye ukoo. Baada yake hakuna anayeyajua yote. Niliporudi kutoka Meksiko nilikwenda na daftari, nikamkalisha, tukaandika, tukapima hatua kutoka kona ya nyumba.

Wewe unayesoma, ambaye kwenu nako barabara, bwawa, bomba au mgodi unakuja: X ikishawekwa, usimtume mtu. Omba likizo ya kawaida kama ya msiba hawakupi, panda basi, uwepo wanapofukua. Beba shuka nyeupe mpya, maana ya mradi huwa nyepesi. Nenda na mzee anayejua majina yote, na mfupa mrefu ukitoka, mwambie kijana mwenye glavu akupe ushike.